Kubadilisha urefu wa kipande kilichoingizwa kwenye CAD: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wachoraji wa karakana za Shimanzi na Changamwe, wanafunzi wa uhandisi pale Tudor, na yeyote mwenye mashine iliyoagizwa kutoka nje ambaye kipuri chake hakipatikani hapa Mombasa kwa urefu anaoutaka. Shida ni ile ile kila mara: mtengenezaji ametoa faili ya CAD, yaani ya programu ya kuchorea kwa kompyuta, faili imefunguka vizuri, lakini kipande ni kirefu mno au kifupi mno, na hakuna namba ya kubadilisha.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni rola ya konveya, zile zinazobeba magunia na katoni kwenye maghala ya chai. Bomba lake la nje lina kipenyo cha milimita 60, shafti milimita 20, beringi ni mbili za namba 6204, na urefu wa bomba ni milimita 500. Mteja ana konveya pana zaidi, anataka 650.

## Nimeingiza faili, kipande kinaonekana, lakini sioni pa kubadilishia urefu. Kipimo kimekwenda wapi?

Hakikuja. Programu ya kuchorea huweka vitu viwili: umbo lenyewe, na hatua zilizolizaa umbo hilo, yaani duara la milimita 20, kisha kuvutwa hadi urefu fulani, kisha kutobolewa tundu. Faili ya STEP, ambayo ni kiwango cha kimataifa ISO 10303, kwa kawaida hubeba umbo peke yake. Hubeba nyuso na kingo kwa usahihi mkubwa, tena hubeba na vizio vya vipimo, lakini zile hatua hubaki kwenye kompyuta ya aliyechora. Ndiyo maana kwenye orodha ya hatua unaona jina moja tu, na chini yake hakuna kitu.

Faili za aina ya Parasolid na SAT ni hivyo hivyo. IGES ni kongwe zaidi, ilitoka mwaka 1980, na mara nyingi huleta nyuso zilizotengana ambazo ni lazima uzishone kwanza ziwe solidi moja, yaani umbo lililojaa ndani. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua STEP.

Kabla ya yote, rudi ulikopakua faili uangalie tena. Katalogi za mtandaoni kama MISUMI na TraceParts zina vipande vingi ambavyo unaandika urefu wako kwanza, ndipo unapakua. Na kama muuzaji anatumia programu unayotumia wewe, mwombe faili ya asili; humo urefu ni namba moja ya kubadilisha. Watu hawaombi, na kuomba hakugharimu kitu.

## Kwa hiyo ni lazima nichore upya?

Inategemea kipande. Shafti yenye ngazi mbili na kiwei kimoja, yaani mfereji wa kabari, mimi ningeichora upya bila kusita. Ni kazi ndogo, na mwisho wake una kipande chenye hatua zake zote, kwa hiyo mteja akibadili nia kesho unabadilisha namba tu. Lakini kipande cha kusubu chenye kona za mviringo kila upande, usikichore. Utakosea mahali, na hutajua ni wapi.

## Nianzie wapi kabla sijagusa kitu?

Amua ni mahali gani pa kipande panaruhusiwa kurefuka. Hili ndilo swali lenyewe, na ukilijibu vizuri yanayofuata ni mepesi katika programu yoyote ile. Urefu wa 500 kwenye rola umeundwa na sehemu tatu: ncha ya kushoto yenye kikombe cha beringi, sehemu ya kati iliyonyooka, na ncha ya kulia yenye kikombe kingine. Ncha hizo zina vipimo vilivyowekwa na beringi, na beringi haijali konveya yako ina upana gani. Sehemu ya kati ndiyo iliyo huru. Kwa hiyo milimita 150 zote zinaingia katikati, na ncha zinabaki kama zilivyo, moja ikisogea mbali na mwenzake.

Chukua shafti ya rafadha ya boti, kama za maboti yanayotengenezwa huku Likoni na Mtongwe. Upande wa rafadha kuna koni, kuna kiwei, na kuna nyuzi za nati. Koni ya maboti madogo mara nyingi ni 1:10, yaani kipenyo hupungua milimita 1 kwa kila milimita 10 za urefu, na tundu la rafadha limekerezwa kwa mteremko huo huo. Upande wa injini kuna sehemu inayokaa ndani ya flanji. Kati yake kuna fito ndefu yenye kipenyo kimoja. Ukitaka kuirefusha, ni hapo kwenye fito tu, tena uangalie beringi za njiani zinakaa wapi, kwa sababu mahali pa beringi pakisogea, na boti nzima inahusika.

Kwa hiyo chapisha picha ya kipande kwenye karatasi, au kichore kwa mkono tu, na upige mistari miwili ya kalamu: huku pasiguswe, huku pasiguswe, hapa kati panarefuka. Mteja au fundi aione kabla hujawasha kompyuta. Mara nyingi fundi ndiye anayejua kwamba lile tundu dogo la kati ni la grisi na lazima libaki umbali fulani kutoka kwenye beringi. Kwenye faili halina jina lolote.

## Mbona nisitumie Scale, ile amri ya kukuza, kwa mhimili mmoja tu? 500 mara 1.3 ni 650, kazi imekwisha.

Namba ya urefu itatoka sawa, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Scale haijui shafti wala beringi. Inazidisha kila kilichoko kwenye mhimili huo. Beringi ya 6204 ina upana wa milimita 14, na kwenye rola yetu kikombe kimechimbwa milimita 14 kwenda ndani. Baada ya Scale kitakuwa 18.2, na beringi itacheza. Mfereji wa saklipu, ile pete ya kubana inayozuia beringi isitoke, kwenye shafti ya milimita 20 una upana wa 1.3, utakuwa 1.69, wakati saklipu yenyewe ina unene wa 1.2. Tundu la pini la milimita 8 linalopita shafti kimkingamo litakuwa yai la 8 kwa 10.4, na hakuna drili inayotoboa yai. Nyuzi za M16, yaani za bolti ya kipenyo cha milimita 16, zenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 2 zitakuwa na hatua ya 2.6, na hutapata nati yake popote. Ile koni ya rafadha ya 1:10 itakuwa 1:13, na rafadha itashika upande mmoja tu.

Mbaya zaidi, kwenye skrini huoni kasoro. Tofauti ya 1.3 na 1.69 haionekani kwa macho kwenye kitu cha zaidi ya nusu mita. Itaonekana siku fundi ameshakereza, chuma kimeshaliwa, na mteja amesimama mlangoni na beringi mpya mkononi. Chuma cha watu kina bei, na siku ya konveya kusimama ina bei kubwa zaidi. Nawasihi wanafunzi walichukue hili kwa uzito.

Scale ina kazi zake halali: kurekebisha vizio, ambako nitafika, na kurefusha kitu ambacho chote ni bomba tupu au fito tupu isiyo na tundu, nyuzi wala mkato wowote. Zaidi ya hapo iache.

## Kusogeza ncha nafanyaje hasa?

Pima kwanza urefu uliopo kwa chombo cha kupimia cha programu. Usiamini jina la faili. Kisha toa: 650 kutoa 500 ni 150. Namba utakayoandika ni 150. Wengi huandika 650 wakashangaa rola imekuwa ya mita moja na ushei.

Geuza kipande ukitazame kwa ubavu. Weka kichujio cha kuchagua kiwe kwenye nyuso peke yake, halafu piga kisanduku kuzunguka ncha moja nzima. Sasa kagua kilichochaguliwa. Kwenye shafti ya rola unatakiwa kuona uso wa mwisho, mkato mdogo wa pembe, kuta mbili za mfereji wa saklipu pamoja na sakafu yake, na kama kuna tundu la nyuzi kwenye ncha, nyuso zake zote hadi ile koni ya chini iliyoachwa na drili. Ule uso mrefu wa mviringo unaounganisha ncha mbili usiwemo. Huo ndio utakaojinyoosha wenyewe.

Amri yenyewe ina jina tofauti kila mahali. SolidWorks ina Move Face, ndani ya Insert kisha Face. Chagua Translate na uonyeshe mhimili. Inventor ina Direct, na ndani yake Move. Fusion ina Move inayokubali nyuso, na ina Press Pull ambayo inafaa pale ncha ni uso mmoja tambarare usio na mapambo. Onshape ina Move face. Kwenye Solid Edge, upande wa Synchronous, unachagua nyuso na kuzivuta moja kwa moja. Nikitaja Onshape niseme na hili: ukitumia mpango wao wa bure, michoro yako iko wazi kwa umma. Kazi ya mteja ambaye hakukuruhusu usiiweke humo.

Ukimaliza, pima urefu wote tena, kisha linganisha ujazo wa kabla na wa baada. Programu zote hizi zina mahali pa kusomea ujazo. Shafti ya milimita 20 ina eneo la mkato la milimita za mraba 314.16, ukiirefusha kwa 150, ujazo wake unatakiwa kuongezeka kwa milimita za ujazo 47,124. Ikitoka namba nyingine, kuna kitu umekivuta ambacho hukukikusudia, au umekiacha nyuma. Ukaguzi huu naupenda kuliko mwingine wowote, kwa sababu ni wa haraka na hauna upendeleo. Macho yaliyochoka jioni hupitisha makosa, ujazo haupitishi.

## Programu inakataa. Inaleta ujumbe mwekundu kwamba haiwezi kusogeza nyuso.

Mara nyingi umeacha uso mmoja nyuma. Ukisogeza uso wa mwisho ukauacha ule mkato mwembamba wa pembe, programu haina pa kuuweka. Kuza picha kwenye ncha na uhesabu.

Sababu ya pili ni kona za mviringo zinazoungana na ukuta mrefu. Zifute kwanza kwa Delete Face ikiwa programu yako ina uwezo wa kuziba pengo, sogeza ncha, kisha zirudishe kwa kipimo kile kile ulichokipima. Sababu ya tatu ni kwamba ukuta wa kati haujanyooka kama unavyodhani. Vipande vya kusubu huachiwa mteremko mdogo ili vitoke kwenye kalibu, na ukirefusha mteremko, ncha inapanuka au inasinyaa na haikutani tena na nyuso za zamani. Hapo kusogeza nyuso si njia yake; kata kipande, kama swali linalofuata.

Na wakati mwingine faili yenyewe ni mbovu, ina mianya midogo kati ya nyuso. SolidWorks ina Import Diagnostics, FreeCAD ina Check Geometry. Endesha ukaguzi huo kabla ya kuhangaika.

## Sina leseni ya programu kubwa, natumia FreeCAD. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na kwa karakana ndogo nadhani ndiyo chaguo la busara kuliko kutumia programu iliyovunjwa leseni. Kama ncha ni uso mtupu, nenda Part Design, tengeneza Body, buruta kipande kilichoingizwa ukiweke ndani yake ili kiwe msingi, chagua uso wa ncha, kisha Pad milimita 150. Basi.

Kama ncha ina mambo mengi, tumia njia ya kukata. Ukiwa kwenye Part, weka bapa kubwa kuliko kipande mahali palipo tupu katikati. Chagua kipande, kisha bapa, kisha Slice apart chini ya Split. Utapata nusu mbili. Zifanyie nakala rahisi kwa Create simple copy, kwa sababu nusu za mwanzo bado zimefungwa kwenye kipande mama na zinaweza kukurudia zilikotoka. Sasa chukua nakala ya kulia, fungua Placement, ongeza 150 kwenye mhimili wa urefu. Kati yake pamebaki pengo. Chagua uso uliokatwa wa nusu ya kushoto, Extrude milimita 150 ukiwa umeweka alama ya kutoa solidi, kisha unganisha vyote vitatu kwa Union. Malizia na Refine shape ili mistari ya viungo ifutike.

Njia hii ya kukata, kusogeza na kujaza pengo inafanya kazi kwenye programu yoyote, hata zile za zamani sana. Sharti lake ni moja: pale unapokata, umbo la mkato liwe lile lile kwa umbali fulani kushoto na kulia, au libadilike kidogo tu kama kwenye ule mteremko wa kusubu. Ukikata katikati ya tundu, utajaza pengo kwa umbo la tundu lililopasuliwa.

## Kufupisha ni hivyo hivyo?

Ni hivyo hivyo, namba ikiwa hasi, lakini angalia kilichoko njiani. Ukirudisha ncha milimita 80 nyuma na kuna tundu la grisi milimita 60 kutoka kwenye ncha hiyo, programu itakataa, au itakubali na kuacha uchafu ndani ya solidi. Futa tundu kwanza, fupisha, kisha litoboe upya mahali alipokuambia fundi.

## Faili niliyopewa ni STL. Kila nikibofya uso inashika kipembetatu kimoja.

STL ilibuniwa kwa ajili ya kuchapa vitu vya pande tatu, mwaka 1987, na ndani yake hakuna duara wala uso tambarare, kuna pembetatu tu. Omba STEP kwanza. Aliyetengeneza STL karibu kila mara anayo.

Akikosa kabisa, una njia mbili. Kwenye FreeCAD unaweza kugeuza wavu huo wa pembetatu kuwa umbo, kisha solidi, kisha Refine shape, na kwa vipande vya pembe kali matokeo ni mazuri. Vya mviringo vitabaki na vipande vipande kama penseli. Njia ya pili ni kwa wanaotaka kuchapa tu: fungua kwenye Blender, chagua nukta zote za ncha moja, zisogeze kwenye mhimili wa urefu. Pembetatu zinazovuka sehemu ya kati ndizo zitakazonyooka, na ncha haiguswi. Kanuni ni ile ile.

Kwa kitu cha kukerezwa chuma, chukua STL kama picha ya kuelewa umbo, uchore upya juu yake.

## Kipande kimeingia kikiwa kidogo ajabu, au kikubwa mno. Nikirekebishe urefu?

Usiguse urefu. Hiyo ni shida ya vizio. STL haibebi vizio hata kimoja, kwa hiyo programu hukisia. Gawanya urefu unaoujua kwa urefu unaouona: ukipata 25.4, faili ilichorwa kwa inchi. Ukipata 10, ni sentimita. Ukipata 1000, ni mita. Ingiza upya ukichagua kizio sahihi, au tumia Scale kwa mihimili yote mitatu kwa namba hiyo. Hii ndiyo Scale halali.

## Kipande kina mashimo yaliyopangwa kwa nafasi sawa, kama reli ya kutelezea. Nikirefusha mashimo yatakuwaje?

Ukisogeza ncha peke yake, utapata kipande kirefu cha reli kisicho na shimo upande mmoja, na hakuna wa kukuuzia hicho. Reli ya HIWIN HGR20 ina mashimo kila milimita 60, na umbali wa kawaida kutoka ncha hadi shimo la kwanza ni milimita 20. Reli ya 400 ina mashimo 7: mara 6 ya 60 ni 360, ongeza 20 na 20. Hatua inayofuata ni 460 yenye mashimo 8. Ukitaka 430, inabidi ncha moja au zote ziwe na umbali mwingine, na hilo unakubaliana na muuzaji kabla ya kuchora.

Kwenye mchoro, futa mashimo yote isipokuwa la kwanza, sogeza ncha, kisha panga mashimo upya kwa hatua ya 60. Na fremu itakayoshika reli nayo itobolewe kwa hesabu hiyo hiyo.

## Bolti je? Nahitaji ya M16 yenye urefu wa 93.

Chora 90 au 100. Bolti zinauzwa kwa urefu uliopangwa, na kwa M16 baada ya 80 zinafuata 90, 100, 110. Tena bolti ya kichwa cha pembe sita ya kiwango cha ISO 4014 haina nyuzi urefu wote: kwa bolti zisizozidi milimita 125, sehemu yenye nyuzi ni mara mbili ya kipenyo ujumlishe 6, yaani milimita 38 kwa M16. Kwa hiyo inayorefuka ni shingo tupu, na nyuzi zinabaki 38. Ukivuta ncha, vuta nyuzi zote pamoja nayo.

## Kipande kiko ndani ya mashine nzima iliyoingizwa. Nikikirefusha, vingine vitafuata?

Havitafuata. Mashine iliyoingizwa haina vifungo kati ya vipande. Kila kimoja kimekaa mahali pake kwa namba tu. Ukirefusha bomba la rola kwa 150, shafti inabaki ya zamani, beringi ya kulia inaelea ndani ya bomba, na fremu iko pale pale. Orodhesha vyote vinavyohusika kabla ya kuanza. Angalia pia kama kipande kimerudiwa: konveya yenye rola 20 mara nyingi inatumia faili moja mara 20, na ukibadilisha moja zinabadilika zote, jambo ambalo huenda ndilo ulitakalo au silo.

Silinda ya haidroliki inawachanganya wengi. Ukiongeza mwendo wa pistoni kwa milimita 100, mwili unarefuka 100 na fito ya pistoni 100. Ikiwa imefungwa, silinda nzima imeongezeka 100. Ikiwa imefunguka, imeongezeka 200. Angalia nafasi zote mbili kwenye mashine.

## Nikirefusha, nguvu inabaki ile ile?

Haibaki, na programu haitakuambia. Kwa mzigo ule ule uliowekwa katikati, kupinda kwa fito hukua kwa urefu ukizidishwa mara tatu kwa nafsi yake. Rola yetu imerefuka mara 1.3, na 1.3 mara 1.3 mara 1.3 ni karibu 2.2. Itapinda zaidi ya maradufu. Nguzo inayobeba mzigo kwa kusimama nayo hupoteza: mzigo wa kuipinda ghafla hushuka hadi kama asilimia 59 ya ule wa awali. Na shafti inayozunguka kwa kasi huanza kutetemeka katika mwendo wa chini zaidi kuliko zamani, kwa hiyo shafti ndefu ya pampu au ya boti ipelekwe kwa mhandisi kabla ya kupelekwa kwa fundi.

Kwa rola, tazama jedwali la mtengenezaji: huonyesha uzito unaoruhusiwa kwa kila urefu. Pengine utahitaji bomba nene zaidi au shafti ya 25, na hapo kazi si ya kubadilisha urefu tena.

## Urefu wenyewe nimeupima kwenye kipande cha zamani. Unatosha?

Pima nafasi ya mashine kwanza, kipande cha zamani baadaye. Hewa ya chumvi ya huku haina huruma na chuma: ncha zinaliwa, kutu inavimba, na mtu aliyetangulia huenda aliongeza washa tatu kuziba pengo. Kwenye konveya, pima kutoka ukuta wa ndani wa fremu hadi ukuta wa pili, juu na chini, na katika rola ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu fremu iliyochomelewa upya mara nyingi haina upana mmoja. Sehemu za beringi zipime kwa vania, si kwa tepu.

## Naruhusiwa kubadilisha mchoro wa mtengenezaji?

Kwa kutengeneza kipuri cha mashine yako, kwa kawaida hakuna atakayekuuliza, lakini soma masharti ya tovuti uliyopakulia. Kuisambaza au kuiuza faili iliyobadilishwa kama yako ni jambo jingine. Na ondoa namba ya kipande ya mtengenezaji kwenye faili mpya, maana yeye hakukitengeneza hicho cha 650. Mtu akiiagiza kwa namba hiyo ataletewa ya 500.

## Nimpelekee fundi faili gani?

Fundi wa kukereza mpelekee karatasi au PDF yenye vipimo, kila kimoja kikianzia uso mmoja wa kupimia, na viti vya beringi vikiwa na kiwango cha kosa kinachoruhusiwa. STEP mpe pia kama ana mashine ya kompyuta. Wa kukata bapa kwa leza au plasma anataka DXF, yaani faili ya mchoro bapa, ya uso mmoja, kwa kipimo cha moja kwa moja, bila fremu ya mchoro. Faili ya awali uliyoipakua ihifadhi bila kuigusa, na mpya iandike urefu na tarehe kwenye jina lake.

Ongeza na hesabu ya kukatia, kwa kuwa mabomba huku kwa kawaida yanauzwa kwa mita 6. Kwa karatasi, mita 6 inatoa vipande 12 vya 500 kamili, lakini msumeno unakula karibu milimita 3 kila unapopita, kwa hiyo vizima ni 11. Vya 650 vinatoka 9 na kubaki kipande cha kama milimita 123. Mteja anayetaka rola 20 za 650 anunue mabomba matatu, na umwambie hivyo kabla hajaenda dukani.